Maji ya Kichwani

Enzi zetu shule ilikuwa duka. Mliokulia Gulfton, mtaa wetu wa Houston, miaka ile mtanishuhudia, maana nikiwasimulia watoto wa leo wanadhani natia chumvi. Jengo letu lilikuwa supermarket iliyofilisika. Wakaja watu wakagawa vyumba kwa kuta nyembamba, wakapaka rangi ya buluu, wakasema hii sasa ni sekondari. Darasa la hesabu lilikuwa pale walipouzia nyama zamani, na siku za mvua sakafu ilitoa harufu ya damu. Shule za namna hiyo tuliziita charter. Fedha zake ni za umma, lakini zinaendeshwa na watu wao wenyewe, nje ya wilaya za shule za kawaida. Wazazi wetu wakimbizi walizipenda kwa sababu moja tu, sare. Mama alipoona watoto wamechomekea mashati na kufunga mikanda alisema, "Hii ndiyo shule," akatuandikisha. Hakuuliza kiwanja kiko wapi.

Kiwanja hakikuwepo. Tulikuwa na maegesho ya magari, na katikati yake nguzo ya taa ambayo kila mcheza mpira wa shule yetu aliwahi kuibusu kwa paji la uso. Hata ligi tuliyochezea ilikuwa ya shule za aina yetu, nyingine za Houston, nyingine za Dallas na Fort Worth, zote zimejibanza kwenye maduka yaliyokufa na makanisa yaliyohama. Shule kubwa za wilaya zilikuwa na majukwaa, nyasi za kunyolewa na bendi ya matarumbeta. Sisi tulicheza mpira wa kikapu kwenye ukumbi wa kanisa, ukirusha vibaya unampiga Bikira Maria. Lakini ligi ni ligi. Ilikuwa na ratiba, ilikuwa na kombe, na kila msimu basi la njano lilitupandisha mpaka Dallas, asubuhi nzima kwenye barabara iliyonyooka, ng'ombe upande huu na mabango ya mawakili upande ule. Vijana wa leo kabla ya kupanda basi wanauliza kama lina intaneti. Sisi tuliuliza kama lina breki.

Sisi Warundi tuliishi ghorofa ya pili kwenye yale majengo ya matofali yaliyobanana, ambako ukikaanga kitunguu jirani anajua. Chini walikaa Wahonduras, pembeni Wakongo, na mlango ulioelekea wetu ni wa familia ya Salim, Wazanzibari. Baba yake aliendesha teksi, mama yake, Bi Zuhura, alihudumia wazee kwenye nyumba za watu. Jioni tulicheza rede na kombolela katikati ya magari, Kirundi, Kiswahili, Kihispania na Kiingereza vikichanganyika, mpaka mama mmojawapo atoe kichwa dirishani na kuita. Mama yeyote akiita, watoto wote waliingia ndani. Leo mtoto wa jirani ukimwambia tu fungua mlango anauliza wewe ni nani.

Kaka yangu Deo alinizidi mwaka mmoja. Alikuwa mwembamba, mvivu wa kuosha vyombo, fundi wa mluzi. Alizaliwa Kigoma, jirani na kambi ya wakimbizi, mwezi wa Ramadhani, mikononi mwa mwanamke wa Kiha, Mwislamu, aliyemkuta Mama barabarani ameshikwa na uchungu. Mama alisimulia habari hiyo kila mwaka bila kuchoka. Yule mwanamke alishinda naye tangu asubuhi akiwa amefunga, jua likazama, watu wakafuturu, yeye bado ana damu mikononi na hajaonja kitu. Ndiyo maana nyumbani kwetu, Wakatoliki wa kupiga magoti kila Jumapili, kulikuwa na sheria moja ya Ramadhani. "Mtu aliyefunga ni mgeni wa Mungu," Mama alituambia. "Huwezi kutafuna mbele ya mgeni wa Mungu. Wala kunywa."

Hatukutafuna. Mwezi ukiandama, biskuti tulizilia chooni. Mbele ya Salim hakuna aliyelamba hata ashikirimu, na malipo yetu yalikuja Magharibi, pale Bi Zuhura alipofungua mlango na kutuita, "Njooni wanangu, nyie ndo mmefunga kuliko hata watu wangu." Uji wa pilipili manga, tambi, kaimati zinadondosha shira, viazi vya nazi, mihogo. Deo alikula mpaka Bi Zuhura akamwambia atabadilishwa dini na tumbo. Naye Bi Zuhura hakutuacha tumpite kwa heshima. Ijumaa za Kwaresima hakupika nyama. Alikaanga samaki, akasema hataki wageni wake Wakatoliki wanuse nyama ya jirani wakatamani dhambi. Tulilelewa hivyo, na niliamini wakati ule kwamba hakuna watu duniani wenye adabu kutushinda sisi wa korido ile.

Shule isiyo na kiwanja inaweza mchezo mmoja bila aibu, nao ni mbio za nyika, maana nyika ni ya kila mtu. Nyika yetu ilikuwa njia ya saruji kando ya mfereji mkubwa wa maji ya mvua, nyuma ya maghala. Hakuna kilima, hakuna mti, kuna kobe na magurudumu ya toroli za dukani. Kocha wetu alikuwa Bwana Ramirez, mwalimu wa hesabu, mtu mwema mwenye kitambi ambaye hakuwahi kukimbia isipokuwa kuwahi simu. Alikubali ukocha kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Mazoezi yalianza Agosti, shule zikifunguliwa, na mwaka ninaouzungumzia Ramadhani nayo iliangukia Agosti. Mnaijua Agosti ya Houston. Ukitoka nje ni kama mtu amekufunika uso kwa taulo lililotoka kuchemshwa.

Salim alifunga na alikimbia. Kocha alimwambia akae kivulini mwezi wote, akakataa. Basi Bwana Ramirez akawa anabeba dumu kubwa la chungwa lenye koki, amelijaza barafu, na kila mzunguko anapiga filimbi na kupaza sauti, "Water, everybody!" Nasi tukajaza vikombe. Tukavimwaga vichwani.

Nani alianza sikumbuki, lakini tuliona tumegundua dawa. Maji ya kichwani hayafunguzi saumu, kwa hiyo hata Salim aliweza kujimwagia pamoja nasi, na hakuna aliyemnywea mwenzake usoni. Tulikuwa Warundi wengi, Wakongo wawili watatu, mvulana mmoja wa Honduras aliyeiga tu. Tulicheka, tulimwagiana shingoni, na kocha kutoka kwenye kiti chake aliona vikombe vinajaa na kumalizika, akaridhika. Salim peke yake ndiye aliyepiga kelele. "Kunwani bwana! Miye ndo niliofunga, nyie hamkufunga!" Deo akamjibu, "Tuta-drink nyumbani. Uka-suffer peke yako sisi tunakuangalia? Haiwezekani, bro."

Sasa lazima niwaambie habari za Baba. Baba alikuwa Irving, karibu na uwanja wa ndege wa Dallas, anapakia mizigo ghalani. Kiwanda chake cha Houston kilipofungwa alikwenda huko, akasema akipata nyumba atatuita. Nyumba haikupatikana. Alipiga simu kila Jumapili baada ya misa, tukapokezana kumwambia kwamba hatujambo. Ilikuwa muda mrefu hatujamwona, na Deo ndiye aliyeumia zaidi, ingawa alificha kwa mluzi. Mwaka ule shindano la kwanza la ligi lilipangwa Dallas. Deo akamwambia Baba kwenye simu, "Usije, usipoteze siku ya kazi. Nitakuja mimi, na basi la shule. Wewe simama tu kwenye fensi unione." Baba akacheka, akasema ataomba ruhusa.

Tatizo ni kwamba Deo hakuwa na mbio. Alikuwa mtu wa katikati, wa kupiga soga njiani. Na basi tulilopewa lilikuwa dogo, kwa hiyo kocha akatangaza majaribio, wale wa mbele ndio watakaokwenda. Tangu siku hiyo mluzi ulikoma nyumbani. Deo akaanza kulala mapema, akaacha soda, akapachika viatu vyake dirishani vikauke vizuri. Mama alidhani kapata mchumba.

Siku ya majaribio Deo alichelewa kuamka, akatoka bila hata chai. Mchana hakwenda kula. Katika mwezi ule alikuwa na desturi ya kukaa maktaba na Salim wakati wenzao wako kwenye chakula, ili Salim asikae peke yake. Salim mwenyewe mama yake alikuwa amemwamsha kabla ya alfajiri, kamlisha daku la nguvu, kamsimamia mpaka akamaliza jagi la maji. Aliyefunga alikuwa amejiandaa. Asiyefunga hakuwa na kitu mwilini tangu jana yake, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwuliza.

Wasichana tulikimbia kwanza. Nilimaliza, nikajimwagia kikombe changu kichwani, nikasimama kwenye mstari kuwasubiri wavulana. Mzunguko wa kwanza walipotokea kwenye kona ya maghala, Deo alikuwa mbele. Sijawahi kuona kitu kilichonifurahisha vile. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Akapita bila kunitazama, meno yote nje, kakodoa macho.

Mzunguko wa pili, ndio wa mwisho, bado alikuwa mbele, lakini niliona jambo nisilolielewa. Wenzake wote walikuwa wamelowa jasho chapachapa. Shati la Deo lilikuwa kavu. Akavuka mstari, akaendelea kukimbia, akaacha njia, akaelekea kwenye fensi ya ghala kama mtu anayefuata sauti. Nikamkimbilia. Alikuwa ameshika waya wa fensi kwa mikono miwili, ananiuliza kwa Kirundi Baba amesimama wapi.

"Baba yuko Irving," nikamwambia. "Hapa ni Houston, Deo."

Akanitazama kama namficha. Halafu akaporomoka. Nilipomshika, ngozi yake ilikuwa ya moto na haina hata tone la jasho.

Salim ndiye aliyefika wa kwanza, akambeba mgongoni mpaka kwenye dumu, akaling'oa kifuniko, akamwagia maji yote na barafu yote. Bwana Ramirez alikuwa anapiga simu, anakosea namba. Barafu ilimkalia Deo kifuani na haikumshtua.

Hospitali walitupeleka kwenye chumba chenye viti vya plastiki na simu ya mkalimani. Mnaikumbuka ile simu. Daktari anasema kwa Kiingereza, kisha kutoka kwenye spika inatoka sauti ya mtu usiyemjua, yuko jimbo gani sijui, anasema kwa Kiswahili kizuri kabisa kwamba joto limemharibu mtoto wako figo na ubongo. Mama alikuwa bado na sare ya hoteli alikofua mashuka. Daktari akauliza ni lini mara ya mwisho Deo alikunywa maji. Kabla sauti ya kwenye simu haijafasiri, Salim alikuwa amejibu.

"Hakunwa. Hawakunwa wote. Walikuwa wananistahi miye." Akaanza kupiga kichwa chake ukutani.

Mama alisimama, akamshika kichwa, akamgandamiza kifuani kwake. "Si wewe," akasema. "Niliyemfundisha ni mimi." Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayemweleza mtu bei ya nyanya, na ndiyo maana mpaka leo nalisikia.

Baba alikuja na basi la usiku, akaingia wodini na fulana ya kazini yenye mistari inayong'aa. Deo alikuwa anapumua kwa mashine. Mikononi alikuwa na mipira ya dawa, kwa hiyo Baba akamshika mguu, ule wa kushoto, akakaa nao pale bila kuuachia. Nilikuwa mlangoni. Baba alinitazama, akauliza, "Alishinda?" Nikamwambia ndiyo, aliwaacha wote. Akaitikia kwa kichwa. Deo akafa Jumapili, saa zile ambazo Baba huwa anapiga simu.

Matanga yalijaa korido nzima. Warundi walikuja mpaka kutoka Dallas, Wakongo wakaimba, Wazanzibari wakabeba viti. Joto lilikuwa lilelile na mashine ya kupoza hewa ilikuwa imezidiwa na watu. Mezani kulikuwa na chupa za maji zimepangwa, hazikuguswa. Wazee walijipepea kwa vifuniko vya sufuria, bibi mmoja midomo imemkauka inapasuka, na hakuna aliyenyoosha mkono, maana Bi Zuhura na wenzake walikuwa wamekaa pale sakafuni, wamefunga. Kweli nawaambia. Tulikuwa tunamlilia mtoto aliyekufa kwa adabu, na bado tulikuwa na adabu.

Bi Zuhura akaliona. Akasimama, akakunja mikono ya baibui, akaanza kumimina. Alimwendea kila mtu na gilasi yake, akamtia mkononi, akasimama mbele yake. "Kunwa. Mbele yangu, nikuone." Yule bibi alipotikisa kichwa, Bi Zuhura alimnywesha mwenyewe kama mtoto mchanga, machozi yanamtoka, ulimi wake mwenyewe umekauka. Wa mwisho alikuwa Mama. Mama alishika gilasi muda mrefu. Alipokunywa alilia kwa mara ya kwanza.

Miaka imepita. Bwana Ramirez aliacha ualimu mwisho wa mwaka ule. Basi dogo lilikwenda Dallas, mimi sikulipanda. Baba alirudi Houston moja kwa moja, nyumba au bila nyumba, na hajaondoka tena. Shule ilihama, sasa ina jengo lake na hata kiwanja kina nyasi za plastiki, watoto wanalalamika kwamba zinawasha. Ligi ipo bado. Na kocha wa riadha wa shule yetu siku hizi ni Salim, ana ndevu na watoto wawili, na mdogo wetu Neema, aliyekuwa anabebwa mgongoni wakati wa msiba, anakimbia kwenye timu yake.

Ramadhani iliyopita nilimpeleka Mama kuangalia mazoezi. Ramadhani siku hizi imehamia miezi ya ubaridi, upepo ulikuwa unavuma na tumejifunika kanga kwenye viti vya kukunja. Salim alikuwa amefunga. Pamoja na hayo kila mzunguko alipiga filimbi, akawapanga mstari, akamimina mwenyewe, akampa kila mtoto mkononi na kusimama mbele yake mpaka koo lipande na kushuka. Kichwani haruhusu hata tone. Wazazi wapya hudhani ni ukali tu.

Jamani, watoto wa leo. Enzi zetu tulikuwa tunajificha chooni na biskuti. Hawa kila mmoja ana lichupa la chuma kubwa kuliko kichwa chake, lina mrija na jina, wanalibeba mpaka kanisani. Neema alipokea maji ya kocha akayagida, kisha akafungua na chupa lake, akasimama pua kwa pua na mtu aliyefunga, akavuta mrija kwa kelele, akajifuta mdomo na mkono wa shati, akabeua. "Coach, it's so cold, want some?" akamkaribisha, anacheka.

Ulimi wangu ulikwishajikunja kumkemea, damu ni ile ile. Mama akaniwekea mkono gotini.

"Mwache," akasema. "Huyo sikumfundisha."

Salim kule alikuwa anacheka, anamwonyesha Neema kwa kidole kwamba chupani bado kuna maji. Neema akazungusha macho, akarudisha mrija mdomoni. Tukakaa pale, mimi na Mama, tukamtazama anakunywa mpaka yakaisha.